Pensheni Isiyouliza Nani Maskini

Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitia saini amri ya kufuta hali ya kisheria ya utumwa katika visiwa vya Unguja na Pemba. Waingereza, waliokuwa wameitia dola yake chini ya ulinzi wao tangu 1890, ndio walioisukuma. Vitabu vya skuli huitaja siku hiyo kuwa siku ya uhuru, na si uongo. Lakini mtu anayeisoma amri ile huku akitafuta habari ya riziki hukuta mambo mawili ambayo vitabu huyapita haraka.

La kwanza ni fidia. Ilipangwa kulipwa mabwana, kwa sababu wao ndio waliohesabiwa kupoteza mali. Aliyepalilia na kuchuma karafuu tangu utoto wake bila ujira hakutengewa hata pesa moja.

La pili ni zito zaidi. Mtumwa aliyekwenda mahakamani na kutambuliwa kuwa huru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makaazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Kijana mwenye mabega yake angeweza kujibu sharti hilo. Bibi kizee aliyekwisha nguvu shambani angejibu nini? Ndiyo maana wazee wengi walibaki pale pale walipokuwa, kwa bwana yule yule, wakila kwa hisani yake. Uhuru wao ulikuwepo kwenye karatasi, ila haukuwa na chakula ndani yake.

Ilipita miaka 119. Aprili 2016, visiwani humo humo, serikali ilianza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Haikuuliza alifanya kazi gani, ana watoto wangapi wa kumtunza, wala kama ni tajiri au maskini. Malipo hayo yanaitwa Pensheni Jamii, na Zanzibar hutajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki kulipa pensheni ya wote kwa fedha za serikali yenyewe. Umbali kutoka Aprili ile hadi Aprili hii ni mkubwa, na haukuvukwa kwa hatua moja.

Wazee wa zamani hawakuachwa hivi hivi tu. Visiwa vilikuwa na desturi zake za kutunzana, na baadhi zilikuwa nzuri mno. Kulikuwa na zaka na fitri, na sahani ya futari iliyopelekwa kwa jirani kabla ya mwenyewe kukaa kula. Iliyoacha alama kubwa zaidi mjini ni wakfu. Mwenye nyumba Mji Mkongwe aliweza kuitoa nyumba yake kwa ajili ya Mungu: isiuzwe, isirithiwe, wakae humo masikini, au watu wa ukoo wake, au watumwa aliowaacha huru pamoja na vizazi vyao. Mwengine alitoa shamba la minazi ili mapato yake yaendeshe msikiti na kisima. Mali za namna hiyo zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 1905 utawala wa kikoloni uliunda kamisheni ya kuzisimamia, na kamisheni ya wakfu ingalipo Zanzibar hadi leo.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo inawasifu watoaji, na wanastahili sifa. Tatizo la desturi zote hizo lilikuwa hapo hapo kwenye moyo: mpokeaji alitegemea moyo wa mtu mwengine. Moyo ukifunga, au mwenye moyo akifa na warithi wake wakawa na fikra tofauti, mzee hakuwa na mlango wa kugonga wala karatasi ya kuonyesha. Aliomba. Ijumaa alipita dukani hadi dukani, akapewa alichopewa.

Asiyekuwa na ukoo kabisa alipelekwa Welezo, nje kidogo ya mji, ambako wamisionari wa Kikatoliki waliendesha makaazi ya masikini na wagonjwa kwa msaada wa serikali ya kikoloni. Wengi waliomalizia maisha yao huko walikuwa watu ambao utumwa uliwatenganisha na jamaa zao: waliletwa kutoka bara wakiwa watoto, wakazeeka kisiwani bila ndugu. Walipata paa na chakula. Pesa ya kutia mfukoni na kuamua wenyewe wanunue nini, hawakuwa nayo.

Pensheni ilikuwepo tangu enzi hizo, lakini ilikuwa ya karani. Aliyeandikwa kazini serikalini alistaafu na malipo yake. Mchumaji wa karafuu alilipwa kwa pishi: msimu unafika, watu wanatoka kusini Unguja na Tumbatu kwenda mashambani, wanapanda juu ya mikarafuu, wanashusha matawi kwa kamba, jioni wanapima na kulipwa, msimu unaisha, hadithi imekwisha. Maskwota, wengi wao vizazi vya waliokuwa watumwa, walipanda muhogo wao chini ya mikarafuu ya mwenye shamba na kumpalilia shamba kama malipo ya kukaa. Ilikuwa hifadhi ya aina yake, hadi mwenye shamba alipowaambia wahame. Mwishoni mwa miaka ya 1950, siasa za vyama zilipopamba moto, wengi waliambiwa hivyo.

Hapo ndipo Mapinduzi ya Januari 1964 yanapoingia katika habari hii, na yanaingia kwa njia ambayo haizungumzwi sana. Serikali ya Abeid Amani Karume iliitaifisha ardhi Machi mwaka huo. Ikaigawa kwa familia katika viwanja ambavyo watu wanaviita eka tatu mpaka leo. Ukimsikia Mzanzibari akisema "nimezaliwa kwenye eka yetu", ndiyo hiyo. Septemba 23, 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure. Mwaka uliofuata ikafuata tiba. Wazee wasio na jamaa waliwekewa makaazi Sebleni kwa upande wa Unguja na Limbani kwa upande wa Pemba, wakipewa nyumba, chakula na posho.

Mengi katika miaka ile yalikuwa machungu, na damu iliyomwagika haifutwi na eka tatu. Hata hivyo wazo moja liliingia katika serikali na kubaki humo: kwamba kuna vitu mtu anavipata kwa sababu tu ni mtu wa visiwa hivi. Daktari wa hospitali ya serikali hakuuliza mgonjwa anamiliki nini. Mwalimu hakuuliza baba wa mtoto anafanya kazi gani. Serikali za baadaye, hata zilipobadilisha sera nyingi nyingine, hazikuthubutu kulikana wazo hilo hadharani.

Eka tatu nayo ilikuwa na mipaka yake. Ardhi inampa kipato mwenye nguvu ya kuilima, na inampa kipato kizuri pale zao linapokuwa na bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya karafuu duniani ilianguka, hasa kwa sababu Indonesia, mnunuzi mkubwa wa siku zote kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilikuwa imepanda mikarafuu yake yenyewe. Mzee aliyetegemea miti yake kama pensheni alijikuta na miti.

Badala ya karafuu, visiwa vilitafuta riziki nyingine. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na vijiji vya jirani, na wanawake ndio waliokibeba. Kazi yenyewe inafuata maji. Bamvua linapokuja na maji kutoka, mwanamke anashuka na vigingi na kamba, anainama ndani ya maji ya magoti kwa saa nyingi akifunga vipande vya mwani kimoja kimoja, kisha anabeba mzigo uliolowa hadi ufukweni kuuanika. Jua la juu linampiga mgongoni, chumvi inamla miguu. Hakuna mwajiri wa kumkatia mchango, wala hati ya mshahara. Mwaka 1998, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar ulipoanzishwa, ulipokea michango ya waajiri na waajiriwa. Mwanamke wa mwani hakuwa mmoja wao, wala mvuvi wa ngalawa, wala muuza urojo wa barazani. Umri ukiwafikia na mgongo ukakataa kuinama, walirudi palepale alipokuwa bibi wa 1897: kwa hisani. Safari hii hisani ilikuwa ya watoto, na watoto wenyewe wengi wao walikuwa wavuvi, wauza urojo na wakulima wa mwani.

Jambo la kumlipa mzee pesa taslimu kila mwezi lilijaribiwa kwanza bara, na mahali ambapo hali ilikuwa imeshafika pabaya sana. Wilayani Muleba, mkoani Kagera, UKIMWI ulikuwa umewaondoa wazazi na kuwaacha bibi na wajukuu peke yao. Katika eneo la Nshamba mradi mdogo uitwao Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwalipa wazee pensheni ya kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa kila mtoto waliyekuwa wakimlea. Tathmini ya mradi ilitoka 2008, na waandishi wake waliipa jina la vitu ambavyo pesa ile ilinunua: chumvi, sabuni, na viatu vya shule.

Inafaa kusimama kidogo kwenye orodha hiyo. Chumvi na sabuni ni vitu ambavyo mkulima hawezi kuvivuna. Ndizi zipo mgombani, maharage yapo shambani, lakini chumvi inataka pesa, na mtu asiye na pesa kabisa huenda kuiomba kwa jirani, kila mara, mpaka anaona haya kupita mlangoni kwake. Mtoto asiyeogeshwa kwa sabuni huchekwa darasani, na anayechekwa huacha kwenda. Kiasi kidogo cha pesa kinachokuja kwa uhakika kila mwezi kilirudisha vitu hivyo nyumbani. Uhakika wenyewe ulikuwa na thamani yake, maana mwenye duka humkopesha mtu anayejua siku ya malipo yake.

Mwaka 2010 wizara ya kazi ya Tanzania pamoja na shirika la HelpAge International zilitoa utafiti ulioonyesha kwamba pensheni kwa wazee wote wa nchi inawezekana. Bara, jambo hilo lilikaa mezani. Zanzibar, ambako shirika hilo na jumuiya ya wazee wa visiwani, JUWAZA, waliendelea kulisukuma, lilichukuliwa. Sera ya hifadhi ya jamii ilipitishwa mwaka 2014. Miaka miwili baadaye, chini ya Rais Ali Mohamed Shein, malipo ya kwanza yakatoka.

Waliofika mwanzoni walikuwa zaidi ya 21,000. Ukizidisha hesabu hiyo kwa shilingi 20,000 na kwa miezi 12, unapata shilingi bilioni tano na kidogo kwa mwaka, fedha ambazo serikali ndogo ya visiwani iliamua kuzitoa kwenye bajeti yake bila kusubiri mfadhili.

Mdogo kabisa kati ya watu hao alizaliwa mwaka 1946, Sultani Khalifa bin Haroub akiwa kwenye kiti. Alikuwa na miaka miwili wachukuzi wa bandarini walipogoma mwaka 1948, na miaka 17 hivi ulinzi wa Uingereza ulipokoma Desemba 10, 1963. Mwezi mmoja baadaye yakaja Mapinduzi. Wengi wa rika lake hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri ulitafutwa kwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na pale ambapo karatasi ilipungua, kwa masheha, viongozi wa mitaa, na watu wanaomjua mtu tangu zamani.

Siku ya malipo ina sura yake. Wazee hufika kituoni mapema kuliko maofisa. Kanga zimevaliwa zile nzuri, kofia zimepigwa pasi, bakora zimeegemezwa ukutani. Kitambulisho kinatolewa ndani ya mfuko wa plastiki uliokunjwa mara tatu na kufungwa kwa mpira. Anayejua kuandika anatia saini. Asiyejua anabonyeza kidole kwenye wino, kisha anakifuta taratibu kwenye ukingo wa benchi. Aliyelala kitandani ana mwakilishi wake aliyeandikishwa. Hapo kwenye benchi anaweza kukaa mjane wa mvuvi, na ubavuni mwake ofisa mstaafu mwenye pensheni nyingine ya serikali. Wanalipwa sawa.

Usawa huo wa benchi ndio uliowasumbua wengi, na bado unawasumbua. Kwa nini mwenye nacho apewe? Si bora fedha hizo zikusanywe na kupewa masikini wa kweli, kwa kiwango kikubwa zaidi? Ni swali la haki na linastahili jibu. Bara, mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kunusuru kaya masikini ulichukua njia hiyo: kijiji kinakaa mkutano, kaya zinatajwa, zinahojiwa, zinapimwa, zinazopita zinalipwa. Umesaidia kaya nyingi sana. Lakini kila kipimo cha umaskini kina kingo zake, na pembeni mwa ukingo kuna bibi aliyeachwa kwa sababu ana bati juu ya nyumba, bati ambalo mwanawe alilinunua kabla hajafa. Pia kipimo kinamtaka mtu asimame mbele ya majirani zake athibitishe kwamba hana kitu. Mswahili aliyelelewa kusitiri njaa yake anajua uzito wa jambo hilo. Wapo wazee wanaoona bora walale na njaa kuliko kusimama mkutanoni.

Pensheni Jamii haina mkutano huo. Inataka umri na ukaazi tu, vitu ambavyo mtu havionei haya. Gharama ya kumlipa mstaafu mmoja mwenye nacho ni ndogo kuliko gharama ya kumkosa mjane mmoja asiye nacho, na anayesema kinyume aende kwanza akamtafute mjane huyo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Thomas Paine, Mwingereza aliyeshiriki mapinduzi ya Marekani na ya Ufaransa, aliandika mwaka 1797 kwamba ardhi kwa asili yake ni ya watu wote, hivyo wenye kuimiliki wanadaiwa na wengine. Alipendekeza kila anayefika miaka 21 apewe paundi 15, na kila aliyetimiza miaka 50 apewe paundi 10 kila mwaka, tajiri na maskini, na alisisitiza kuwa hiyo ni haki, si sadaka. Karne moja kamili kabla ya amri ya Sultani Hamoud, basi, hoja ilikuwa imeshaandikwa. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 liliitaja hifadhi ya jamii kuwa haki ya kila mtu. Katiba ya Kenya ya 2010 ikaiandika katika ibara ya 43.

Wanaopigania leo kipato cha msingi kwa wote wanataja sifa zake: kinalipwa kwa pesa, kwa mtu mmoja mmoja, kila kipindi, bila kupima umaskini na bila sharti la kazi. Pensheni Jamii inazo zote, isipokuwa "wote" wake wanaanzia miaka 70. Kenya iliingia njia hiyo hiyo mwaka 2018, ilipowafungulia wote waliotimiza miaka 70 mpango wa Inua Jamii wa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi.

Kenya ina jaribio jingine lililotangazwa dunia nzima. Shirika la GiveDirectly lilianza kuwatumia watu wazima wa baadhi ya vijiji vya Siaya na Bomet kiasi cha shilingi 2,250 kwa mwezi kupitia simu, na vijiji kadhaa vimeahidiwa miaka 12. Shirika hilo hilo lilipokwenda Homa Bay na msaada wake, karibu nusu ya kaya zilikataa. Uvumi ulienea kwamba pesa hizo ni za mashetani. Waliokataa hawakuwa wajinga. Pesa inayotoka kwa mtu usiyemjua, kwa sababu usiyoielewa, hutisha, na mtu mzima hujiuliza itadaiwa nini mwishoni. Mzee wa Makunduchi, Unguja, hakuogopa shilingi 20,000 zake, kwa kuwa alijua zinatoka wapi na anazidai kwa misingi gani. Kama serikali ikichelewesha, atanung'unika hadharani, kama mtu aliyecheleweshewa chake.

Zanzibar, mwaka 2020, Baraza la Wawakilishi lilitunga sheria ya mambo ya wazee. Chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi kiwango cha Pensheni Jamii kilipandishwa kutoka shilingi 20,000 hadi 50,000. Ilikuwa lazima, kwani shilingi 20,000 za 2016 zilikuwa takriban dola tisa za Marekani, na bei za unga, mchele na mafuta ya taa hazikuwasubiri wazee.

Kilichobaki bila kuguswa ni umri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60, na ofisi za serikali humstaafisha karani wake katika umri huo. Mwanamke wa mwani anaambiwa asubiri miaka kumi zaidi. Ni miaka ambayo magoti yamekwisha na macho yanaanza kupungua, na si kila mtu anaivuka. Wizara ya fedha itasema kwamba kuishusha hadi 60, au hata 65, kutaongeza sana idadi ya walipwaji, na itakuwa inasema kweli. Inapaswa kufanyika hata hivyo, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Na bara, ambako utafiti wa 2010 ulishaonyesha kwamba inawezekana, inapaswa kuanza.

Mtoto aliyezaliwa usiku wa Mapinduzi, Januari 12, 1964, alitimiza miaka 60 mwaka 2024. Kwa utaratibu ulivyo, jina lake litaitwa kituoni kwa mara ya kwanza mwaka 2034.